Kalamu Nyekundu Iliyofungwa kwa Uzi

Mtu akiniambia "nimeumia kidogo tu," mimi simwamini. Hata awe daktari. Namtazama juu mpaka chini, halafu namuuliza maswali matatu: Unasimama? Unaongea? Unajua uko wapi? Watoto wangu wananicheka. Binti yangu akijikata kidole jikoni huanza kujibu kabla sijafungua mdomo: "Nasimama, naongea, niko Kampala, mama, hebu niletee kitambaa!"

Maswali hayo si yangu. Ni ya mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa kituo chetu cha zimamoto, juu ya kilima ambacho ukisimama mlangoni unaliona ziwa kule Ggaba. Kikosi chetu hakikuwa cha moto wa majumba. Wale wa majumba walikuwa na magari yanayong'aa, na picha zao zilitoka magazetini. Sisi tulikuwa wa moto wa porini: nyasi za kiangazi, misitu ya kupandwa, na zaidi ya yote mafunjo ya kinamasi pembeni mwa ziwa, ambayo kila kiangazi lazima atokee mtu wa kuyachoma apate shamba la viazi. Tulikuwa na wanaume ishirini na kitu, lori moja kuukuu la maji, na vipigio, yaani fimbo ndefu zenye kipande cha tairi mwishoni. Moto wa mafunjo unapigwa kwa mkono, kwa subira, kama mtu anayefukuza nyoka chini ya kitanda.

Mimi nilikaa na redio. Nilikuwa karani, na kazi niliipata kwa ajili ya Kiswahili changu. Sisi Wanubi wa Kampala babu zetu walikuwa askari, kwa hiyo lugha ya amri tumezaliwa nayo. Juu ya hayo nilisomea Kenya kwa shangazi yangu, mwanamke mkali ambaye ukikosea ngeli mezani hupati chai. Ripoti za kwenda ofisi kubwa Nakasero ziliandikwa Kiingereza. Lakini kitabu cha kituo, kile kinachosomwa gwarideni kila asubuhi, kilikuwa cha Kiswahili, na mzee hakutaka mchezo nacho.

Ah, wanaume wale na redio! Nikiwakumbuka nacheka peke yangu. Moto umewazunguka, nyusi zimeungua, na wao wananiambia, "Hakuna mutu aliumia, sisi yote iko muzima, ova." Kwao kuumia ilikuwa ni aibu. Mmoja aliwahi kurudi na mkono umevimba kama mhogo, nikamuuliza, akasema ni mbu. Nikamwambia toka hapa, mbu gani huyo, mbu au tembo? Ndiyo maana mzee akaweka maswali yake matatu. "Usimwulize mwanamume kama ameumia," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Atasema hapana. Muulize mwenzake kama anasimama, anaongea, anajua alipo. Likija jibu moja la hapana, mtu huyo akalishwe chini, na wewe ushushe kalamu nyekundu."

Kalamu nyekundu ilining'inia ukutani karibu na redio, imefungwa kwa uzi mrefu ili asiondoke nayo mtu. Mambo madogo niliyaandika kwa bluu: mwiba, kujikwaa, moshi machoni. Bluu haikusomwa. Ajali kubwa iliandikwa nyekundu. Kabla jua halijazama nakala ilikwenda Nakasero kwa bodaboda, na asubuhi yake mzee alisimama mbele ya kikosi chote akaisoma kwa sauti: nani, kiungo gani, na mahali hasa palipotokea, kwa mti na kwa mfereji, kila mtu akapajua. Halafu aliuliza, "Mmepasikia?" Nao wakajibu, "Tumepasikia, afande!" Miaka yote niliyokaa pale, mahali palipokwisha kusomwa hapakuumiza mtu wa pili. Mzee alikuwa na methali yake ya siku zote, mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine aliitia mkazo kwa kugonga kitabu kwa kidole.

Wanaume waliichukia rangi ile. Ukiandikwa nyekundu, unapelekwa kwa daktari, husogelei moto mpaka upate karatasi, na wenzako wanakutania mwezi mzima. Aliyeongoza utani alikuwa dereva wa lori. Tulimwita Salongo, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, na mapacha wake alikuwa akiwataja hata pale tulipokuwa tunazungumzia mafuta ya dizeli. Mtu akiandikwa nyekundu, Salongo alimpigia honi kila anapopita. "Banange, jamani, mpisheni mgonjwa!" Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuandikwa rangi yoyote, maana dereva anabaki na lori.

Nazikumbuka asubuhi zile kuliko kitu chochote. Chai tuliinunua kwa mama mmoja Mkongo aliyeuza langoni, mkimbizi kutoka mashariki ya nchi yake, mwenye birika kubwa na maneno mengi. Mzee alikuja na gurusa alizopika mkewe, mkate wetu mwembamba wa Kinubi, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na kila siku alinikatia kipande kwanza kabla hajala. Baba yangu alikufa nikiwa shule. Sitaki kuzunguka: mzee yule nilimpenda kama baba, na yeye alijua.

Kiangazi ninachokisema kilikuwa cha mwisho kwake. Alikuwa amebakiza wiki sita astaafu. Kituoni kwetu kulikuwa na desturi ya kuaga: anayestaafu hushuka kwa miguu yake, na mabuti yake, kutoka mlango wa ofisi mpaka langoni, wanaume wamepanga mistari miwili, na king'ora cha lori kinalia mpaka avuke lango. Lakini aliye kwenye karatasi ya daktari haruhusiwi gwaride la aina yoyote. Huyo huondoka kwa gari, bila king'ora. Mzee alikuwa amewashusha wenzake wengi kwenye mistari ile, na sasa ilikuwa zamu yake. Mkewe alikuwa ameshashona nguo ya siku hiyo. Nilikuwa nimeiona, ya zambarau.

Basi moto ukashika kinamasi ng'ambo ya Ggaba, ukakaa siku nne. Moto wa mafunjo una ujanja mmoja mbaya. Mizizi iliyooza miaka na miaka hukauka ikawa kama kuni, na moto ukishapita juu huingia ndani, ukatambaa chini kwa chini. Juu unaona majivu meupe yametulia, unasema hapa pamekwisha. Chini ni makaa.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mzee aliingia chumba cha redio akafunga mlango. Halafu akakaa. Hapo nikajua kuna jambo, maana sikuwahi kumwona amekaa ndani ya chumba kile.

"Mwanangu," akasema, "kuna kitu cha kuandika."

Ardhi ilikuwa imemeza mguu wake wa kushoto mpaka gotini, ndani ya makaa. Alijichomoa mwenyewe, hakuna aliyeona, wengine walikuwa upande wa pili wa moshi. Palikuwa karibu na mfereji wa zamani, chini ya mtini uliokatwa tawi. Alikuwa amelowesha buti kwa maji na kurudi akitembea, watu wakidhani amechoka tu. Nilimwambia avue nione. Akakataa.

"Unasimama?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine yumo humu?"

"Nitasimama," akasema. "Wiki sita nitasimama. Mwanangu, andika bluu. Kujikwaa. Wiki sita tu."

Nikamwambia, mzee, mahali pale patakuwaje? Bluu haisomwi. Akaniambia ameshafikiri. Kesho upande ule wa mfereji atashika yeye mwenyewe, mtu mwingine hatapita. Siku mbili hizi moto utakuwa umekwisha, na habari nayo imekwisha. Alisema kama mtu aliyepiga hesabu yake akaridhika nayo. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, kando ya kitabu.

Nilitazama kalamu nyekundu pale ukutani. Haki ya Mungu niliitazama. Kisha nikachukua ya bluu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shangazi: mkuu wa kikosi, amejikwaa, mguu wa kushoto, kidogo. Mahali sikuandika. Bluu haina haja ya mahali.

Asubuhi yake mama Mkongo aliniita nikiingia langoni. "Dada, muzee yule anaumia. Ameisha kunywa chai ku muguu moja sawa kuku." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia auze chai, mambo ya kikosi awaachie wenyewe. Mama wa watu akafuta vikombe vyake.

Gwarideni mzee hakusoma kitu, maana hapakuwa na kitu cha kusoma. "Siku ya jana ilikuwa safi," akasema, na wanaume wakapanda lori. Nilimwona akipanda, mkono mmoja kwenye mlango, akijivuta. Kilichotokea huko nilikijua baadaye. Walipofika kinamasini mguu wake haukukubali tena kushuka. Ulikuwa umevimba ukajaa ndani ya buti. Akawaambia watangulie, atakuja, anaangalia kwanza redio ya lori. Alitaka kupumzika dakika chache tu. Mstari ukapangwa, na upande wa mfereji ukabaki wazi.

Na Salongo, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kutoka kwenye lori lake, aliona mzee amekaa na jasho linamtoka. Alidhani ni malaria. Akamwambia, "Afande, pumzika, mimi nitakushikia upande wako," akachukua kipigio cha mzee akaenda. Mzee aliniambia mwenyewe kwamba alimwita. Alimwita mara mbili, lakini Salongo alidhani anamkataza kwa heshima, akapunga mkono bila kugeuka. Kumkimbilia hakuweza. Mguu ndio huo.

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Redio ikalia, ni sauti ya mzee, lakini sikuitambua mara moja.

"Kituo, kituo. Mtu wetu ameingia. Mtini, karibu na mfereji. Wanamvuta kwa mpira wa maji. Ova."

Nilijua ni wapi. Kikombe nilikiacha kikaanguka. Nikabonyeza redio nikauliza kama nilivyofundishwa na mtu yuleyule niliyekuwa namuuliza.

"Anasimama?"

"Hapana."

"Anaongea?"

Nilisikia wanaume wakipiga kelele kwa mbali. "Anaita watoto wake. Ova."

"Anajua yuko wapi?"

"Sijui," mzee akasema. "Mimi ndiye ninayejua yuko wapi."

Nikashusha kalamu nyekundu. Uzi ulikuwa umejizungusha, nikauvuta ukakatika. Nikaandika. Nilipomaliza, sauti yake ikarudi, imetulia sasa, sauti ya kazi.

"Binti, andika mbili. Na ile ya jana. Ile ya bluu usiifute, iache waione. Andika chini yake."

Salongo alikaa hospitali miezi mingi. Miguu yote miwili iliungua. Wa kulia ulikatwa vidole vyote. Mwanzoni tulikwenda kila siku na uji na machungwa, na yeye, shetani yule, alitutania kutoka kitandani. Siku moja akaniambia, "Watu wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, kweli, lakini mkuu naye si angepiga kelele zaidi?" Wenzake wakacheka. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Asubuhi iliyofuata ajali, mzee alisimama mbele ya kikosi kwa mara ya mwisho. Walimletea fimbo, akaikataa. Akasoma ripoti mbili, na ya kwanza ilikuwa yake: mkuu wa kikosi, mguu wa kushoto mpaka gotini, mtini uliokatwa tawi, karibu na mfereji. Akaeleza kwamba iliandikwa bluu. Kisha akainua macho akasema, "Karani aliandika hivyo kwa amri yangu. Kosa ni langu peke yangu." Halafu akauliza, "Mmepasikia?" Wanaume wakajibu mmojammoja, kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua kumi kutoka kwake, na mdomo wangu nikaufunga.

Aliondoka siku hiyohiyo kwa karatasi ya daktari. Gari dogo lilimchukua mlangoni. Alikaa nyuma na mabuti yake yako mapajani, na lilipopita langoni hakuna king'ora kilicholia. Nguo ya zambarau sijui mkewe aliifanya nini. Mimi sikuulizwa swali lolote, wala Nakasero hawakuniita. Mkuu ameshasema ni amri, na karani hufuata amri. Nilikaa na redio ile miaka mingine mingi, nikafundisha makarani wapya, na nilisifiwa kwa ukali wangu wa kuandika.

Mzee alihamia kwa ndugu zake upande wa Mengo. Nilikuwa nikienda Ijumaa baada ya swala, na mkewe alikuwa bado anapika gurusa, na mzee alikuwa bado ananikatia kipande cha kwanza. Tuliongea juu ya mambo ya zamani, lori lilivyozima kilimani, mbu wa ukubwa wa tembo. Lakini kila nilipoaga aliniuliza swali moja. "Salongo anasimama?" Miaka ya mwanzo nilijibu bado. Baadaye nilimjibu, anasimama kwa magongo. Baadaye, anasimama kwa fimbo, afande, ila si kwa muda mrefu. "Haya," alisema, na akashusha macho. Habari ya amri hatukuigusa hata siku moja. Alinibebea mzigo ule kana kwamba ni mfuko wa sokoni tu.

Kiangazi kilichopita mzee akafariki. Tulimzika alasiri, kabla ya saa kumi, na baada ya dua watu wakakaa uwanjani kwenye mikeka. Salongo alikuja. Siku hizi anauza samaki Ggaba, kwenye kibanda kidogo, akiwa amekaa kutwa, na mapacha wake sasa ni watu wazima wenye ndevu. Mikeka hawezi kuikalia, magoti hayakunjiki. Alipewa kiti cha plastiki, kimoja tu kilichokuwepo pale, na watu wote walikuwa chini yake. Akatania hapohapo kwamba leo ndiyo amekuwa mfalme.

Nilimwendea. Samaki wake nilikuwa nimewanunua miaka mingi, na kila mara nilifika na neno mdomoni nikaondoka na sato kwenye mfuko. Siku ile nikaona, sasa mzee hayupo, nikinyamaza tena uongo utakuwa wangu peke yangu na utakuwa ndio ukweli. Nikamwambia nikiwa nimesimama mbele yake.

"Salongo, mzee alisoma kwamba aliniamuru. Hakuniamuru. Aliniomba. Ningeweza kukataa. Kalamu ilikuwa hapa," nikamwonyesha kwa mkono umbali wa kalamu, "na sikuichukua kwa sababu nilimpenda. Ningeandika nyekundu, ungepasikia mahali pale, usingekanyaga."

Aliitazama miguu yake, vile viatu vyake viwili visivyolingana, kwa muda mrefu mpaka nikajuta kusema. Watu walikuwa wanapitisha chai. Kisha akainua uso, na hakukuwa na utani ndani yake hata chembe.

"Dada," akasema, "unasimama?"

"Nasimama."

"Unaongea?"

"Naongea."

"Unajua uko wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilitaka kusema niko msibani, niko Kampala, ni alasiri. Lakini nilikuwa bado niko chumba cha redio, saa tisa, na mkono wa mzee ulikuwa juu ya meza, kando ya kitabu. Nikaanza kulia mbele za watu, mimi ambaye sijawahi kulia hata kazini.

Salongo akaichukua fimbo yake. Akaweka mkono mwingine kwenye bega la mwanawe mmoja, akajisukuma polepole, akasimama, akanisogezea kile kiti cha plastiki.

"Basi kaa chini," akasema.